Sikio la Kulia la Nyanya

Picha ya grinikadi, ile kadi ya ukaazi wa Marekani, lazima ionyeshe sikio la kulia. Ukipiga umetazama mbele kama mtu wa heshima, wanakurudishia. Kwa nyanya yangu, hilo lilikuwa balaa.

Alipofika Marekani, miaka kumi nyuma, ndewe za masikio yake zilikuwa zimetobolewa na kuvutwa kama desturi ya kwao, zinaning'inia karibu na mabega. Ndivyo alivyo kwenye kadi yake ya kwanza. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikipitisha penseli mle ndani, naye ananipiga konzi. "Toa, mjinga wewe! Hili si kopo la mwalimu wako."

Mwaka jana Baba, buda wetu, akachaguliwa mzee wa kanisa hapa mjini Bowie, akaanza kuona haya. "Mama, watu wanakutazama." Akampeleka kwa daktari, ndewe zikakatwa, zikashonwa. Nyanya akarudi na bendeji mbili. Nikamwambia anafanana na didjei aliyevaa hedifoni. Hakunipiga hata konzi.

Mwaka huu kadi yake ikaisha muda, na wiki hiyohiyo dada yake akafariki nyumbani Kenya. Mazishi Jumamosi. Baba akasema bila muhuri wa uhamiaji kwenye pasipoti, akitoka harudi.

"Nani alikwambia nataka kurudi?" Nyanya akauliza.

Baba akaitia ile pasipoti katika mfuko wa koti lake, akafunga zipu.

Katika ofisi ya uhamiaji karani aliweka picha mpya kando ya kadi ya zamani. Akatazama, akarudia kutazama. Hakutaka Baba amjibie mama yake, kwa hiyo akaniita mimi nitafsiri. Nilikuwa nimekosa mtihani wa hesabu kwa ajili ya safari hiyo. Nilikuwa na furaha tele.

"Muulize masikio yake yako wapi."

"Nyanya, anauliza masikio umeyapeleka wapi."

"Mwambie nilimpa mwanangu, ayavae kanisani."

Nikatafsiri neno kwa neno. Nani angeacha utamu kama huo?

Karani hakucheka. Akamgeukia Baba. Sentensi moja tu ingetosha: alishonwa, nilimpeleka mimi. Lakini nyuma yetu kwenye foleni alisimama mama mmoja wa kwaya ya kanisa letu, shingo imerefuka kama ya mbuni. Baba, mzee wa kanisa, akajikohoza, akasema ile picha ya zamani ilitoka vibaya.

"Mwambie avue kitambaa cha kichwani," karani akaniamuru.

Nyanya alikuwa ameshakivua. Makovu yakaonekana na kila aliyekuwa na macho, mwanakwaya akiwa wa kwanza. Karani akayatazama, akamtazama Baba, akaifunga pasipoti. Muhuri hakuna mpaka alama za vidole zikaguliwe kuthibitisha ni yeye, na daktari aandike barua. Majuma kadhaa, akasema, kama anayezungumzia mvua.

Jumamosi simu ikaja kutoka nyumbani. Baba akaweka spika. "Poleni sana, jamani. Serikali ya huku ina mambo mengi..."

Nyanya akamsukuma kando.

"Mzikeni. Huyu alinikata masikio ili apendeze kanisani, na alipoulizwa akaona haya kusema."

Ikaja sauti ya mzee mmoja kwenye simu, mbali kabisa:

"Yote mawili?"

"Yote mawili," Nyanya akajibu, macho kwa Baba.