Siku Lipiko Alipovuliwa Kichwa Newala

Kinyago kinachocheza kwetu tunakiita lipiko. Wengine wa hukuhuku juu husema midimu, na ninavyoandika hivi najua yupo mzee wa Newala atakayebisha. Abishe. Mimi nimesoma mpaka darasa la pili, na hilo la pili lenyewe sikulimaliza, nikakimbilia Tanga kwenye mkonge. Kwa hiyo naandika kama ninavyosema.

Lipiko, kwa asiyemjua, ni mfu. Wanaume wanamfufua kaburini, anakuja kucheza vijana wakitoka jandoni, kisha anarudi alikotoka. Amefunikwa nguo mwili mzima, hata kidole hukioni. Wanawake wakimwona wanakimbia. Hivyo ndivyo inavyosemwa. Sasa, kwamba ndani ya zile nguo yumo shemeji yangu, mume wa dada yangu, mchezaji kuliko wote pale Mnyambe, mwenye kikohozi kinachojulikana kijiji kizima, hilo halisemwi. Dada alikuwa akikisikia kikohozi kile ndani ya kinyago, anajifunika kanga, anakimbia na wenzake, "Mfu huyo! Mfu!" Jioni anamchemshia mfu wake maji ya kuoga.

Nilipokuwa kijana nilidhani wanawake wamedanganyika. Nilicheka sana. Nimechelewa kuelewa kwamba walikuwa wanatustahi. Siri ilikuwa yetu sisi wanaume, lakini waliokuwa wakiitunza ni wao, kwa mbio zao.

Nilisema mkonge. Kule Tanga walitucheka, jamani. Tulikuwa na chale usoni, basi ukiingia dukani tu unasikia, "Wewe Mmakonde, jana ulilala kifudifudi kwenye mkeka?" Unacheka nao, utafanyaje. Wapo wenzangu waliokuwa wakishusha kofia mpaka kwenye nyusi. Niliporudi nyumbani nilisema mwanangu hachanjwi, na kweli hakuchanjwa, na wa jirani vilevile. Kwa hiyo ile miaka ya ruksa ya biashara ilipofika, mitumba imejaa Masasi, wanunuzi wa korosho wanakuja na magari yao wenyewe, sisi tulikuwa tumeshajifuta usoni. Ndipo wakaja watu wanaotaka kutuona tulivyokuwa.

Alikuja bwana mmoja kutoka Masasi, mfanyabiashara wa vinyago. Si mtu mbaya. Akisalimia wazee anatoa shikamoo yake vizuri, anakaa chini, anakula tunachokula. Mwanzo alinunua vya mpingo, na hivyo havina neno, vimechongwa ili viuzwe. Baadaye akataka vile vya porini, vya kuchezea, vilivyolowa jasho. Wazee wakakataa. Akarudi mara nyingine na habari kwamba Newala kuna wageni kutoka ng'ambo, wamefikia nyumba ya wageni, wanataka kuona ngoma. Lipiko lazima awepo.

Tulibishana siku ile mpaka mate yakakauka. Mzee mmoja akasema, "Si wamesema kila kitu ruksa?"

Mwingine akamjibu, "Ruksa ya dukani hiyo. Porini kwetu nani kaitangaza?"

"Basi kale huko porini kwako!"

Tukacheka, na kicheko kile ndicho kilichoamua. Mikorosho ilikuwa imepigwa na ugonjwa wa ubwiri, imekuwa myeupe kama imemwagiwa unga, kila mtu alikuwa anatafuta pa kushika. Mimi ni mpiga ngoma. Nikasema twende.

Yule bwana akaomba kitu kimoja zaidi. "Nitafutieni bibi mwenye chale. Wageni wanapenda." Tukamchukua dada.

Kufika Newala, upepo wake ule wa baridi, maji hakuna kama kawaida, na mwenye nyumba ya wageni anatugombeza kwa sababu tumewasha nyasi uani ili tukaze ngozi za ngoma. Wasichana wa kucheza walikuwa wameshachorwa chale mashavuni kwa kalamu ya wino. Dada akamshika mmoja kidevu, akamgeuza huku na huku.

"Mwanangu, chale hii ni ya tumboni. Hii anaiona mumeo tu. Nani kakuvua nguo usoni?"

Msichana akacheka, "Bibi nawe! Nitanawa baadaye."

"Kwa maji gani, hapa Newala?"

Watu wakaangua kicheko, hata mimi. Lakini nilimwona dada akilowesha ncha ya kanga kwa mate, akijaribu kuufuta ule wino. Haukutoka.

Ngoma ikaanza. Shemeji akatokea nyuma ya tangi la maji, akacheza, nawaambia, kama hajawahi kuumwa. Wanawake wakakimbia mpaka kwenye ua, si mbali, maana bwana wa Masasi alishawaambia wasitoke kwenye picha. Dada naye alikimbia mpaka kwenye ua. Mpaka hapo nilikuwa najiambia hakijaharibika kitu.

Tulipomaliza, wageni wakapiga makofi. Bwana wa Masasi akamfuata shemeji katikati ya uwanja, akashika kinyago kwa mikono miwili, akakivuta. Kama mtu anayefunua chungu. Shemeji akabaki na kichwa chake mwenyewe, kina mvi na jasho, anakohoa, mbele ya wanawake wote. Hakukiomba kile kinyago. Alitazama miguu yake. Sisi wanaume tulikuwa zaidi ya kumi pale, na hakuna aliyesogea.

Mgeni mmoja mwanamke, mtu mzima, mwenye uso wa wema, akavalishwa. Akashika kiuno, akakizungusha kama alivyoona wasichana wanafanya. Wenzake wanapiga picha. Mwanamke, asiyefundwa, yumo ndani ya lipiko, na kaptula.

Nikamtafuta dada kwa macho. Alikuwa anamtazama mume wake. Hakumtazama sana. Akavuta kanga, akajifunika uso wote, akapiga ukelele wa zamani ule, "Mfu! Mfu huyo! Kimbieni!" Akatimua mbio.

Wasichana hawakukimbia. Mmoja akapaza sauti, "Bibi, mzungu huyo! Rudi!"

"Ni mfu! Kimbieni, nyie watoto hamna adabu?"

Akajikwaa getini, kandambili moja ikabaki. Wageni wakacheka na kupiga makofi kuliko mwanzo, walidhani ni sehemu ya mchezo. Na bwana wa Masasi, kwa furaha kabisa, akamwita: "Safi sana, mama! Rudia basi, wengine hawajapata picha!"

Mikono yangu ikaanza kupiga ngoma yenyewe. Sikujua la kufanya lingine. Niliona vibaya dada yangu akimbie bila ngoma.

Kinyago hakikurudi nasi. Kilifungwa kwenye magazeti, kikatiwa kwenye boksi, kikapakiwa kwenye gari la Masasi, na wazee waliokuwa na mdomo kule kijijini walikuwa wanatazama pembeni. Shemeji alirudi na furushi la nguo tupu kwapani. Dada tulimkuta mbele, nje ya mji, amekaa na wachota maji waliokuwa wakisubiri foleni yao, anaongea nao habari za muhogo. Nikampa kandambili yake. Akaivaa. Njia nzima alizungumza na shemeji taratibu, kuhusu kuku.

Tulipofika nilikaa kwao. Nilitaka kumwomba radhi. Nilikuwa nayo kabisa. Lakini nitaanzaje? Nikisema, dada, tusamehe kwa kumvua mumeo kichwa mbele ya watu, nitakuwa nimemwambia kwamba ndani ya lipiko huwa mna mtu. Nitakuwa nimemalizia kwa mdomo wangu kile alichokimbilia kukiokoa.

Akaleta ugali na kisamvu, akatunawisha, shemeji kwanza, kisha mimi. Nilipokuwa nanawa akaniuliza, sauti ya kawaida tu, anamimina maji:

"Na yule mfu wenu, kaka, amefika salama kwake?"

Shemeji akainama. Sikuweza kumtazama dada usoni.

"Amefika," nikasema.

"Haya," akasema. "Kuleni."