Gari Lililovalishwa Gumboot

Niliwahi kuamini, tena bila chembe ya shaka, kwamba gari lenye milango ya umeme husikia radi kabla ya binadamu, na likishaisikia hujifunga lenyewe ili radi imkute mtu ndani imkaange vizuri. Aliyenieleza alisikia kwa mtu wa Mulot, na habari ikitoka Mulot ikafika kwetu Boito bado inapumua, nani ataikataa?

Ushahidi nao tulikuwa nao. Karani wa kituo chetu cha kupimia majani chai alikuwa amenunua gari dogo kuukuu, na mvua ikianza tu, tak! milango yote minne inajifunga. Kwetu mvua ilikuja kila alasiri kama iliyoajiriwa na kiwanda, na mawe yake, nisiwadanganye, moja lilitosha kulaza fahali.

Watu walicheka hadi siku mama yake karani alipokataa kuingia. Kogo, ndivyo tunavyowaita nyanya zetu, alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Hospitali ya misheni ilikuwa imempa nafasi ya upasuaji kwa madaktari wageni waliokuwa wakipita, nayo ilikuwa kesho yake. Akiikosa, angengoja hao madaktari wageni warudi, na hakuna aliyejua ni lini.

"Heri nikae kipofu kwangu," alisema, "kuliko kuchomwa kama hindi ndani ya kabati."

Karani akanifuata shambani mbio. "Wewe si umesoma umeme?"

Nilikuwa nimesoma! Mchana nachuma chai, jioni najikunja kwenye dawati la watoto, magoti yakigusa masikio, nasoma fizikia kwa karabai. Cheti changu kilikuwa ndiyo kwanza kimetoka, na mama alikitundika ukutani kando ya picha ya Yesu, juu kidogo.

"Leta bisibisi," nikasema, kama daktari anayeitisha kisu.

Nilibandua ubao wa ndani wa mlango wa dereva. Mota nzima, fyuzi nzima. Jirani yangu mmoja akasimama na kikapu chake cha majani mgongoni.

"Profesa wa usiku! Mchana unaona kweli?"

"Ngoja uone wewe."

Nikaanza kuufungua mlango na kuurudisha polepole, nimetega sikio. Ulipofika nusu, tak! Kufuli zote zikaanguka. Nikarudia. Tak! Basi ugonjwa ulikuwa kwenye bawaba, pale nyaya zinapotoka kwenye mwili wa gari kuingia mlangoni. Nikavuta mpira unaozifunika, nikakuta umepasuka, na ndani nyaya mbili zimechubuka hadi shaba, shaba yenyewe imeota kutu ya kijani. Nilipiga ukelele uliosikika Sigor.

Nikazisugua, nikazilehemu kwa chuma nilichopasha kwenye jiko la makaa, nikafunga kila moja kwa utepe wake. Halafu nikaongeza ujuzi wangu binafsi. Kwa kuwa radi haipiti kwenye mpira, nilikata shingo ya gumboot yangu ya kuchumia chai, nikaizungushia pale, nikaikaza kwa tyubu ya baiskeli.

Mawingu yakafika. Kogo alisimama mlangoni pa nyumba, ameshika mkono wa mwanawe. Radi ikanguruma, mvua ikanyesha, ikatwanga mabati. Tukasubiri ile tak. Wapi! Milango ilibaki wazi kama ya kanisa.

"Umeifanya nini?" Kogo akaniuliza.

"Nimeivalisha gumboot, Kogo. Radi haiwezi tena."

Akafikiri. "Kama imevaa gumboot, sawa. Nitaenda."

Asubuhi tukaenda, mimi nimekaa mbele kama fundi wa msafara. Siku chache baadaye tulipomrudisha, mvua ikatukuta barabarani, naye jicho moja likiwa limefunguliwa bandeji, akaanza kuhesabu ng'ombe wa watu kwa sauti. Kifua changu kilijaa hadi vifungo vya shati vikalia. Nikamwambia karani nitafungua kibanda, nitachanja magari yote ya Kericho na Bomet dhidi ya radi.

Karani akanitazama, akarudisha macho barabarani.

"Ndugu yangu, gari haijui radi. Mpira wa mlango ulipasuka, maji ya mvua yakawa yanaingia kwenye nyaya zilizochubuka, zinashikana, milango inajifunga. Wewe umezuia maji."