Dobi Aliyefua Sinema

Jumamosi, tarehe 17 Mei. Manyunyu tangu alfajiri, upepo hakuna, mawingu yamelala juu ya mapaa kama shuka lililosahauliwa kambani.

Siku kama hiyo dobi hana kazi zaidi ya kutazama nguo za watu zikikataa kukauka. Kufikia saa nane mchana alikuwa amepiga pasi mashati kumi na manne yaliyobaki ya jana, amebandua kikaratasi cha namba kilichokosewa na kukibandika panapostahili, na amemweleza mteja mmoja kwamba suruali yake itakuwa tayari Mungu akipenda. Saa nane na nusu akafunga duka. Alikuwa na mpango: chai, kochi, sinema, na mkewe kando yake, kama Jumamosi zote za miaka ishirini na sita, ukiacha tatu za mwisho.

Alimkuta mkewe mlangoni anavaa viatu.

"Unakwenda wapi na mvua hii, Mama watoto?"

"Kwa nesi."

Nesi alikuwa jirani yao, nyumba ya tatu kutoka kwao, mjane mcheshi mwenye televisheni kubwa kuliko ukuta wake.

"Unaumwa?"

"Naumwa na sinema zako," alisema mkewe, akaendelea kufunga kamba ya kiatu.

Ili kumtendea haki, ni lazima ielezwe kwamba dobi alikuwa mtu wa maadili. Kazi yake ilikuwa kuondoa madoa, na hakuwa mtu wa kuacha kazi kazini. Rimoti ilikaa mkononi mwake tangu watoto wakiwa wadogo, na sheria zake zilikuwa chache, wazi, zisizo na rufaa. Watu wakibusiana, anapeleka mbele. Wakiingia chumbani, anapeleka mbele, na kwa usalama zaidi anapitiliza hadi watakapokuwa wametoka nje ya nyumba kabisa. Mwanzoni ilikuwa kwa ajili ya watoto. Lakini kidole kikishaonja utawala hakishibi. Baadaye aliona mume na mke wakigombana nao wapelekwe mbele, watoto wasije wakajifunza kujibizana. Kisha wanaolia, maana wanapoteza muda. Kisha wanaozungumza wakiwa wamekaa, kwa kuwa mtu aliyekaa hana jipya la kusema. Kilichobaki kilikuwa magari, farasi, milango ikifungwa, na majina ya waigizaji yakipanda. Sinema ya saa mbili iliisha kwa dakika thelathini na nane, safi, imenyooka, ungeweza kuivaa harusini.

Watoto walikulia humo. Katika nyumba ile hakuna mtu aliyewahi kupendana na mtu kwenye televisheni. Vichanga vilitokea tu kati ya tukio moja na jingine, kama bili ya maji. Watu wawili walikutana dukani, na dakika mbili baadaye walikuwa wazee na mmoja anamzika mwenzake. Watoto walimpa baba yao jina la Mzee Sogeza. Walilitumia nyuma ya mgongo wake, na wakati mwingine mbele yake, maana ilikuwa salama vilevile. Hakuwa akisikiliza.

Wakubwa wawili walishaondoka. Alibaki Kitinda, binti wa miaka ishirini na miwili, muuzaji katika duka la dawa, ambaye kwa kazi hiyo alikuwa anajua mambo ambayo televisheni nzima haiyajui. Baba yake aliendelea kumkinga.

Basi wiki tatu kabla ya Jumamosi hii, mkewe alikwenda kwa nesi kurudisha ndoo. Akawakuta nesi na wenzake wawili wanatazama sinema ya mjenzi wa madaraja na mwanamke mwenye duka kando ya mto. Ilikuwa sinema anayoijua kama kiganja chake. Diski yake ilikuwa nyumbani miaka kumi na tisa, wameitazama si chini ya mara kumi na moja. Akakaa, akawafungulia wenzake hazina ya elimu yake.

"Yaani huyu kaka na huyu dada yake wanavyopendana! Ndugu wa siku hizi hawako hivi."

Nesi akamgeukia. "Shoga, kaka gani?"

Wakati uleule kaka akainama akambusu dada, na hakulenga kwenye paji la uso.

Walicheka mpaka mmoja wao akaletewa maji. Mkewe dobi hakuondoka. Aliomba irudishwe mwanzo, akaitazama yote kwa saa mbili, kama mtu anayesoma barua aliyofichwa. Aliporudi nyumbani alisimama katikati ya sebule.

"Nilikuwa nawatoa kama mfano kwa watoto! Miaka kumi na tisa! 'Pendaneni kama wale ndugu wa darajani!'"

"Kwani si ndugu?" aliuliza dobi.

Na alikuwa anauliza kweli. Kwa kuwa alipeleka mbele kila dalili ya kwanza, naye hakuwahi kufika mahali pa kujua. Mwanawe wa kwanza alipopigiwa simu, alisema kwa upole, "Mama, mimi niliambiwa na mke wangu wiki ya kwanza ya ndoa. Nililia kidogo, yakaisha."

Tangu siku hiyo mkewe alikuwa akienda kwa nesi kila Jumamosi. Dobi alibaki na kochi lote na rimoti yote, na hakumwambia mtu yaliyompata. Aligundua kwamba kupeleka mbele hakuna ladha kama hakuna wa kumkinga. Sinema iliisha kwa dakika ishirini. Kisha alikaa mbele ya kioo cheusi, akijiona mwenyewe humo ameshika rimoti, na kutoka nyumba ya tatu vikisikika vicheko, na kimoja alikuwa anakijua tangu kikiwa cha msichana. Alianza kuhesabu: kama anacheka hivyo huko kwa saa mbili, anabaki na nini cha kurudi nacho? Mara ya pili mkewe alirudi ameshiba maneno, akalala. Mara ya tatu aliomba tu apishwe apite.

Kwa hiyo sasa, mlangoni, dobi alisema neno ambalo halikuwahi kutamkwa na mtu wa kabila la wenye rimoti.

"Usiende. Tutazame pamoja. Leo sitagusa."

Kitinda alikuwa kochini anakula karanga. Zikamwendea njia siyo.

"Wewe, baba?" alisema alipopata pumzi. "Ulipeleka mbele video ya harusi ya kaka. Kiapo chote!"

"Walikuwa wanarudia maneno ya yule anayewafungisha. Mara moja inatosha."

"Mpaka leo bibi, mama yako, hajui kama bi harusi alikubali."

"Si wana watoto wawili?"

"Baba, kwenye hii nyumba hilo si ushahidi."

Mkewe hakucheka. Alikuwa amefunga kiatu kimoja, na alikuwa anapima. Mwishowe alinyoosha mkono.

"Rimoti naishika mimi. Unakaa mpaka mwisho. Ukiinuka hata mara moja, Jumamosi zangu zote ni za nesi mpaka tuzeeke, na sikusimulii chochote. Utakufa hujui."

Dobi akaitoa mfukoni. Ilikuwa imefungwa kwenye mfuko wa nailoni isiingie vumbi, vitufe vyote vipya kama vilivyotoka kiwandani, isipokuwa kimoja kilicholika mpaka mshale wake umefutika. Mkewe akaipokea, akaiweka chini ya paja lake, akaikalia. Kitinda akatia ile diski ya mjenzi wa madaraja. Ilikuwa saa tisa na dakika tano.

Dakika kumi za kwanza dobi alikuwa raia mwema. Mto ulipita, daraja likapimwa, mwanamke akafungua duka. Kisha mjenzi akaingia kununua misumari, akamtazama yule mwanamke kwa muda unaozidi mahitaji ya misumari, na kidole gumba cha dobi kikaanza kubonyeza goti lake chenyewe.

"Kola ya huyu bwana haikutiwa wanga," alisema.

"Shh."

"Nasema tu. Na dirisha je, mvua haiingii?"

"Ukiinuka," alisema mkewe, bila kugeuka.

Hakuinuka. Alikohoa. Aliuliza kama kuna mtu ana habari za mdogo wake nesi aliyekuwa amevunjika mguu. Alijikuna mahali ambapo hapakuwasha. Na lile busu likaja, alilolikimbia miaka kumi na tisa kwa kidole chepesi kuliko cha mpiga kinanda. Dobi alitazama saa ya ukutani, kwa sababu lazima mtu atazame mahali fulani. Sekunde kumi na moja.

"Ndiyo hilo?" alinong'ona.

"Ndiyo hilo, baba," alisema Kitinda. "Pole."

Sekunde kumi na moja! Alikuwa amelitengea hofu ya kutosha nusu saa. Alikaa akijiona kama mtu aliyezunguka mtaa mzima miaka yote kumkwepa mbwa aliyefungwa.

Lakini ilikuwa bado. Mjenzi alimwoa mwenye duka, akaondoka kwenda kujenga daraja jingine la mbali, akarudi baada ya miaka miwili. Huku nyuma mtoto wao alikuwa amezaliwa na kufa. Hilo nalo dobi alikuwa hajui. Katika sinema ya nyumbani kwake mjenzi alitoka na sanduku, akaingia na sanduku, na watu wakadhani alikuwa amesahau kofia.

Mke wa mjenzi alimkalisha mezani, akaanza kumweleza. Alisema maneno matatu, na mjenzi akaanza habari za bei ya saruji. Akaanza tena, na mjenzi akauliza kuna nini cha kula. Mara ya tatu sauti yake ilipoanza kupasuka, mjenzi akainuka kwenda kutazama taa kama ina mafuta.

Dobi alijisahau kabisa. Hasira zikampanda, akapiga paja.

"Sasa huyu naye si akae amsikilize? Ana haraka ya kwenda wapi?"

Kitinda akatazama dari kama aliyeona mjusi. Mkewe akachomoa rimoti chini ya paja, akasimamisha picha. Mjenzi akaganda na taa yake mkononi.

"Nilipotoka kumzika mama," alisema mkewe, kwa sauti ya mtu anayeomba apewe sukari, "nilikaa hapo ulipokaa wewe. Miaka minne sasa. Nikaanza kukueleza jinsi ilivyokuwa. Ukasema, 'Pole, ndiyo dunia.' Halafu ukauliza kama nimeona mfuko wa wanga."

"Wanga ulikuwa umeisha," alisema dobi, na hapohapo akatamani maneno nayo yawe na kitufe, cha kurudi nyuma safari hii.

"Najua ulikuwa umeisha. Niliununua mimi, njiani, nikitoka mazikoni."

Mtu mwenye majibu ya madoa ya wino, ya kutu na ya mafuta ya gari alikaa mbele ya hili mikono mitupu. Kwa mara ya kwanza alitamani kuinuka kwa sababu ya maana, na kwa mara ya kwanza alijua hasa akiinuka atapoteza nini. Akabaki amekaa, kucha zimezama kwenye mto wa kochi.

Mkewe akaachia picha iendelee.

Tukio lililofuata lilikuwa la dakika tisa. Hakuna gari wala farasi. Watu wawili wamekaa mezani, mmoja anasema, mwingine ameiweka taa chini hatimaye na anasikiliza, kisha wote wawili wanalia. Ilikuwa kila kitu ambacho sheria za nyumba ile zilikataza, kwa mkupuo mmoja. Dobi aliipitia yote, dakika kwa dakika, kama mtu anayevuka mto kwa miguu huku daraja liko mfukoni mwa mtu mwingine. Karibu na mwisho alijifuta macho kwa kiganja.

"Mvuke wa pasi," alieleza.

"Pasi iko dukani, baba," alisema Kitinda, akampa kitambaa.

Majina yakaanza kupanda saa kumi na moja na dakika saba.

"Ni ndefu," alisema dobi.

"Ni saa mbili. Imeandikwa kwenye jalada."

Akamgeukia mkewe. Alitaka kusema mambo mengi, akachagua dogo. "Jumamosi ijayo?"

"Tutaona," alisema mkewe, akaenda jikoni kuinjika chai. Rimoti alikwenda nayo.

Asubuhi ya Jumapili jua lilitoka kali, la kukausha hata mablanketi. Dukani yalimngoja mashuka ishirini ya nyumba ya wageni, yote mabichi, na mwenye nyumba amesema atayafuata saa nne. Kabla ya saa moja dobi alikuwa ukingoni mwa kitanda, kiatu cha kushoto tayari, cha kulia mkononi. Mkewe alikuwa anakunja blanketi, mgongo amempa.

"Siku ile ya mazishi," alisema, "basi lilichelewa. Sasa kabla ya kufika kituoni, shangazi akasema amesahau kitambaa chake cha buluu, na unamjua shangazi, kitambaa chenyewe aliazimwa na yule binamu waliyenuniana tangu nyumba yao ibomolewe, basi ikabidi turudi..."

Dobi alipiga hesabu. Walikuwa bado hawajapanda hata basi.

"Kwa hiyo kwa ufupi—" alianza.

Mkewe akaacha kukunja. Hakugeuka.

"Endelea," alisema dobi. "Mlirudi, mkakikuta?"

Akaweka kiatu cha kulia sakafuni, akafungua kamba ya kile cha kushoto, akakivua.