Taratibu Akanyaga Mafuta

Baba yangu aliendesha gari la wagonjwa mpaka alipostaafu, na mtaa mzima humwita Taratibu. Watoto waliokuwa wakicheza njiani hawakuwa na haraka ya kumpisha. Walimaliza kwanza ubishi wao, ndipo wakasogea. Sasa mtu wa namna hiyo akikaa sebuleni, kikombe cha chai mkononi, akatangaza kwamba anataka kutengeneza gari la mashindano ya kasi, unamtazama yeye machoni, kisha unamtazama mama.

Mama hakucheka. "Gari lipi?" aliuliza.

"Hili hili letu."

Letu lilikuwa gari dogo kuukuu, limepandishwa juu ya matofali uani, kati ya tangi la maji na kamba ya nguo. Kuku wa jirani alikuwa ameligeuza buti kuwa wodi ya wazazi.

"Sawa," mama akasema. "Lakini lipite ukaguzi, liwe na bima, na linipeleke kliniki kama magari ya watu. Na kiti changu cha nyuma hakiguswi. Nikikuta umeking'oa, nawaita wanunuzi wa vyuma chakavu siku hiyo hiyo."

Mama hukaa nyuma kwa sababu ya goti. Hulinyoosha juu ya kiti. Hilo halina mjadala nyumbani kwetu.

Sikumuuliza baba sababu, kwa kuwa niliijua. Miaka mingi nyuma alimbeba kijana mwashi aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi. Muuguzi aliyekuwa nyuma na mgonjwa alikuwa akisema, "Polepole, dereva, mgongo wake!" Kaka wa mgonjwa, aliyeketi mbele, alikuwa akipiga dashibodi kwa ngumi: "Kanyaga mafuta!" Baba akaenda polepole. Kijana akakata roho njiani. Pale mlangoni mwa hospitali yule kaka akamwambia baba neno moja tu: mwoga.

"Nilimtii muuguzi," baba aliniambia siku moja, "au niliogopa, na yeye akanipa kisingizio? Nataka kujua kabla sijafa." Mimi ningemjibu bure, bila gharama ya injini. Lakini jibu la mtu mwingine hakulitaka; alitaka mguu wake mwenyewe umjibu, pasipo mgonjwa wala muuguzi.

Injini aliipata kwenye gari la mizigo lililopinduka. Tuliining'iniza kwa mnyororo kwenye boriti ya chuma. Mimi navuta, yeye anaongoza kwa mikono, na mama anatukumbusha kutoka dirishani kwamba mimi ni msusi. "Polepole, mwanangu," baba alikuwa akisema, nami jasho linanitoka na kucha zimekatika, natamani kuuachia mnyororo tuone nani ataendelea kuwa polepole. Injini ilikataa kukaa. Akakata vishikizo, akachomelea, akajaribu, akakata tena. Nguo zetu zilizokuwa kambani zilianza kunuka oili, na kazini wateja wakaniuliza kama nimeolewa na fundi magari.

Ekzosi nayo ilinguruma mpaka jirani yetu, mwalimu mstaafu, akatoka nje na ndala za jozi mbili tofauti. Baba aliomba radhi, akafunga nyingine yenye sauti ya adabu. Ili kupunguza uzito alitoa mazulia, redio, na hata kifuniko cha kasha la dashibodi. Kiti cha nyuma alikipangusa vumbi, akakiacha.

Mkaguzi wa magari alimkatalia kwa sababu ya breki ya mkono. Baba akasema asante, akarudi chini ya gari. Akakataliwa tena, safari hii matairi ya nyuma yalikuwa mapana, yametokeza nje ya bodi. Akasema asante. Mimi nilikuwa na maneno mengine kabisa mdomoni, lakini aliniwahi kwa jicho. Hatimaye mkaguzi akapiga honi, akajaribu waipa, akachungulia uvunguni na kunyanyuka na swali.

"Mzee, hili ni gari la kazi gani?"

"La kumpeleka mke wangu kliniki."

Hakusema uongo. Akapitishwa.

Mashindano yalifanyika kwa kibali kwenye uwanja wa ndege wa zamani, pale ndege zilipokuwa zikirukia. Tulikwenda na gari lenyewe, mama na goti lake nyuma. Vijana walipoona kile kiti wakaangua kicheko. "Mzee, wajukuu umewaacha wapi?" Mimi na mama tukashuka, baba akavaa kofia ngumu, akafunga mkanda, akajipanga kwenye mstari sambamba na kijana mmoja muuza simu.

Taa ya kijani ikawaka. Muuza simu akatoweka. Baba naye akaondoka, tena kwa ustadi mkubwa. Alibadilisha gia bila mtikisiko, ungeweza kuweka kikombe juu ya boneti na chai isimwagike. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Nilitaka kuwazaba makofi mmoja mmoja.

Alirudi, akazima injini, mikono ikabaki kwenye usukani. "Basi, nimejua," akasema. "Ni woga. Twendeni nyumbani."

"Hujajua lolote," mama akasema. Alikuwa ameniegemea begani, na hakuwa amecheka wala kupepesa jicho. "Taa ilipowaka, ulitazama kioo cha kuonea nyuma kwanza. Ulikuwa unamtazama nani?"

Baba akakiinulia macho kile kioo. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mgonjwa."

Maisha yake yote ya kazi hakuwahi kuondoa gari kabla ya kumtazama aliyelala nyuma. Mguu wake haukujua kuondoka kwa njia nyingine.

Kila gari liliruhusiwa kurudia mara moja. Mama alijikongoja mpaka kwenye mlango wa nyuma, akaufungua, akaingiza kichwa na kukipapasa kiti mwanzo hadi mwisho. Akaubamiza mlango. Akaja dirishani kwa baba, akakigeuza kile kioo kikatazama paa.

"Nimeangalia mwenyewe. Hakuna mtu nyuma. Nenda."

Taa ya kijani ilipowaka, gari letu lilipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia. Moshi wa matairi ukatufunika, na lilipoonekana tena lilikuwa mbali, pua juu, limebanana na la muuza simu. Nilipiga mayowe mpaka sauti ikakauka. Kijana alimshinda kwa urefu wa boneti, na hakuna aliyecheka.

Baba alirudi taratibu, akasimama mbele yetu, akavua kofia. Alikuwa analia waziwazi.

"Nilimtii muuguzi," alisema.

"Mimi nilijua tangu siku ile," mama akajibu, akimfuta uso kwa ncha ya mtandio wake. "Haya, rudisha kioo chako unifungulie mlango. Goti linaniuma."