Pareto Juu ya Paa

Juzi mjukuu wangu aliniwekea kitabu chake cha picha mapajani nimsomee tena, nami nimechoka. Tulipofika kwenye picha ya nyumba iliyofunikwa na theluji, nilimkumbuka mama.

Alasiri moja, nilipokuwa mtoto, alirudi kutoka shambani akinuka pareto, vidole vimekakamaa kwa kuchuma maua yale meupe. Nilimpa kitabu cha misheni anisomee. Sikujua kwamba hajui kusoma. Aliitazama sana picha ya nyumba kama hiyo.

“Maskini,” akasema, “pareto imewaotea mpaka juu ya paa. Nani atachuma yote hiyo?”

Niliwahurumia watoto wa humo, ambao kesho wangeamshwa alfajiri kama mimi.

Siku hizi theluji naijua. Lakini mjukuu aliponiuliza mbona nyumba haina watu, nilimwambia wamekwenda kuchuma.