Watu Thelathini na Wanne wa Sista Uzi

Hospitalini walimwita Sista Uzi kwa sababu alishona vidonda kama fundi cherehani anayemshonea bibi harusi. Miaka ishirini na sita alikaa katika chumba kimoja chenye kitanda cha chuma, taa ya kuinamisha na sinki linalovuja, na hakuna aliyetoka humo na kovu baya. Hilo alilisema mwenyewe, tena bila kuulizwa, maana unyenyekevu hakuwa nao wala hakuutafuta.

Siku waandamanaji walipocharazwa virungu barabarani, aliletewa majeruhi thelathini na wanne kati ya saa sita mchana na saa kumi. Amri ilikuwa imeshatoka: kila mwenye jeraha aandikwe jina, na rejista ipelekwe polisi. Sista Uzi aliwashona wote, akawapitishia mlango wa jikoni, ndipo akaketi kuandika. Majina aliyabuni haraka haraka. Kwenye safu ya chanzo cha jeraha hakujisumbua hata kidogo. Aliandika "kaumwa na mbwa" mara thelathini na nne, kwa mwandiko mzuri.

Asubuhi yake mkuu wa upelelezi alifika na rejista mkononi, akamuuliza huyo ni mbwa wa namna gani.

"Mkali," alijibu Sista Uzi.

Kwa jibu hilo alijichongea mwenyewe. Kabla ya adhuhuri mganga mkuu alimnong'oneza kwamba gari la kumchukua limeshatumwa. Akavua aproni, akatia viatu vyake vya kazini kikapuni, na jioni ile akavuka mpaka wa nchi, akiwa katikati ya kundi la wanawake waliokuwa wakirudi kwao kutoka sokoni.

Ng'ambo alipokelewa na wifi yake, mjane wa kaka yake, mwenye duka la vitambaa na ulimi usio na breki. Wifi alimpa chumba chenye dirisha, kisha akamtania wiki nzima kwamba wakimbizi wengine wa siasa huja na hotuba, yeye kaja na viatu.

Nchi ile ilimpa hifadhi, na hospitali ya mji ikampa dekio. Kushona hakuruhusiwa. Baraza la wauguzi lilitaka barua kutoka kwao ya kuthibitisha vyeti vyake, na barua hiyo hupitia ubalozini tu. Bila barua, aanze chuo upya, miaka mitatu, akae dawati moja na wasichana ambao angeweza kuwazaa, naye ana miaka hamsini na miwili. Mwanzoni alijikaza. Lakini siku alipokuwa akipiga deki na kumwona daktari mmoja akimshona mgonjwa paji la uso kama anafunga gunia la mkaa, roho ilimuuma kweli kweli. Kesho yake akaomba barua.

Wakimbizi wenzake walimwambia amerukwa na akili, mtu hajipeleki mwenyewe kwa anaowakimbia. Aliwajibu kwamba vyeti ni vyake, hakuviiba. Siku aliyoitwa ubalozini alikwenda saa nne asubuhi, wifi akabaki upande wa pili wa barabara na agizo la kupiga mayowe ikifika saa sita hajatoka.

Katibu wa ubalozi alikuwa mtu mzima wa rika lake, suti imenyooshwa, macho mekundu ya kukosa usingizi. Mezani palikuwa na barua iliyokwisha kupigwa muhuri, imebaki sahihi tu. Kando yake palikuwa na karatasi tupu yenye namba, moja mpaka thelathini na nne. Katibu alieleza taratibu kwamba kule nyumbani hawana kinyongo. Ajaze majina ya kweli, achukue barua yake, Jumatatu aingie kazini.

Sista Uzi aliisoma barua yote. Alikuwa ameandikwa vizuri, kila mwaka umetajwa, na aliitamani hadi vidole vikamwasha. Kisha akairudisha ile karatasi ya namba upande wa pili wa meza, akasema kichwa chake hakijawahi kushika majina.

Katibu hakufoka. Aliinuka, akafunga mlango, akaongeza sauti ya redio, akaja kuketi karibu naye.

"Binti yangu alikuwa barabarani siku ile," alisema chinichini. "Alipigwa hapa, juu ya sikio. Waliomwona wanasema alibebwa akaingizwa chumbani kwako. Hakuna aliyemwona akitoka, na hajatupigia simu mpaka leo. Nakuomba, sista."

Alimkumbuka vizuri sana. Mishono kumi na mmoja, na binti alikataa ganzi, akasema apewe aliyemfuata. Sista Uzi alitamani kuyasema yote hayo. Lakini hata mtego unaweza kulia machozi, na akikubali kwamba huyu alipita kwake, tayari amejaza namba moja. Akinyamaza nako, kama mtu huyu ni baba kweli, atakuwa amemuulia binti aliye hai. Alifikiri kwa muda mrefu, jambo ambalo hakulizoea.

"Aliyepita kwangu na asiyepita, siwezi kukwambia, baba," alisema mwishowe. "Ila wote walioingia chumbani kwangu siku ile, hata wa kubebwa, walitoka kwa miguu yao."

Katibu alishika ukingo wa meza. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa ile karatasi ya namba, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Kisha akapunguza redio, akafungua mlango, akatangaza kwa sauti ya kusikika hadi mwisho wa ukumbi kwamba ombi limekataliwa. Aliichana barua vipande viwili. Sista Uzi alielewa kwamba katibu hakuwa na jinsi, lakini kuiona ikitumbukia kwenye kapu la taka kulimuuma vilevile. Alimuaga kwa adabu, akatoka kichwa juu.

Wifi alivuka barabara mbio kumpokea.

"Wamekupa?"

"Hawakunipa."

"Sasa?"

"Tupitie duka la vitabu kwanza. Nataka madaftari."

"Madaftari ya nani?"

"Yangu," alisema Sista Uzi, akatangulia.