Mnyauko Kifuani mwa Mama

Mpaka leo nikisikia mtu anasema kwa sauti ya taratibu, "Fumba macho, vuta pumzi," nainuka naondoka. Sisemi jambo lenyewe ni baya. Wapo wagonjwa wa saratani wanaotulizwa na kuwaza mahali wanapopapenda, huku dawa zao zikiendelea, na wasiwasi unapungua. Ninayemchukia mimi ni yule bwana aliyekuja nyumbani kwetu Nyakasimbi.

Mama alikuwa na saratani ya titi. Kidonda kilishafunguka, kinanuka, na siku ya kwenda Mwanza kupigwa mionzi ilikuwa imekaribia. Bwana huyo, mshauri wa wagonjwa aliyetoka Bukoba mjini na mafunzo yake ya semina, aliketi mbali na kitanda, leso puani. Leso puani, jamani! Halafu akamwambia mama awaze yuko ufukweni, mawimbi yanamjia miguuni.

"Baba, mimi maji mengi nayaogopa," mama akasema.

Akacheka, akamuuliza analima nini. Mama akajibu kwamba analima migomba.

"Safi sana! Basi ugonjwa wako ni mnyauko, umeingia kwenye mgomba wako. Uone huo mgomba. Shika panga, umalize kazi."

Mawe, mama wee! Nilitamani kumtupa nje na viatu vyake vinavyong'aa. Mtu amelelewa kwa ndizi, hajui mnyauko? Huku kwetu mgomba ukishikwa na mnyauko hautibiwi. Unang'olewa shina zima na machipukizi yake, unafukiwa, na panga linapitishwa motoni kabla halijagusa mgomba mwingine, la sivyo linaambukiza kibanja kizima cha migomba. Mama aliwahi kufukia karibu nusu ya kibanja chake kwa mikono yake mwenyewe. Sasa akafumba macho kwa adabu, kama alivyoambiwa. Yule bwana akampiga picha, akaaga, na mkungu tuliomfungia akaubeba. Hana hata haya.

Kesho yake mama alitenga kikombe chake, sahani yake, kijiko chake. Mjukuu akimkimbilia, anamfukuza. Nikitaka kumwosha, ananisukuma.

"Usiniguse, mwanangu. Nitakuambukiza."

Na Mwanza akasema haendi. "Mnyauko haupelekwi hospitali. Nifukieni mimi, ninyi mpone."

Nilimleta nesi wa zahanati, akamweleza vizuri kabisa kwamba saratani haiambukizwi kwa kikombe wala kwa kushikana mikono. Mama akamsikiliza, akamshukuru, na sahani yake ikabaki pale pale pembeni. Nikampigia simu yule mshauri aje afute maneno yake. Unajua aliniambia nini? Kwamba mama hakuwaza kwa imani ya kutosha. Mshenzi yule! Yaani mtu anaoza akiwa hai, na kosa tena ni lake? Nilikata simu nikatema mate chini.

Asubuhi ya safari gari la jirani lilikuwa nje linaunguruma, na mama amejifunika shuka gubigubi, hataki kusikia. Nikachukua kikombe chake cha uji, alichokuwa amekinywa nusu.

"Mama, niangalie."

Akafunua shuka, akaona nilichoshika. "Acha! Mwanangu, acha!"

Uji ulikuwa umepoa, umefanya utando juu, una harufu ya kile kidonda na ya mdomo wa mgonjwa. Nisidanganye, kinyaa kilinipanda mpaka kooni. Nilichokuwa naogopa ni kutapika mbele yake. Nikaunywa wote, nikalamba na ukingo.

Mama akaisukuma shuka pembeni. Kisha akaninyooshea mikono yote miwili nimnyanyue.